Mipira ya Kioo, Vikombe na Kontena Moja: Kisa cha Mapambo ya Krismasi Forodhani

Kontena la futi 20 lilifika bandari kavu ya Embakasi kwa reli katikati ya Novemba, likiwa limejaa katoni kutoka Yiwu, mji wa Uchina ambako wafanyabiashara wengi wa Nairobi hununua bidhaa ndogondogo za msimu. Mwenye mzigo ni mama anayeuza kwa jumla Kamukunji. Miezi kumi ya mwaka duka lake ni la ndoo, masufuria na sahani za plastiki, na Novemba ikiingia hulipindua lote likawa duka la Krismasi. Tamko lililowekwa kwenye mfumo wa forodha lilikuwa na mstari mmoja tu wa bidhaa, "mapambo ya Krismasi", chini ya msimbo 9505.10.00, yaani namba ya kuainisha bidhaa inayoamua ushuru wake, na thamani ya forodha ya KSh 2,400,000. Ofisa aliyepangiwa ukaguzi alifungua katoni kadhaa, akakuta vitambaa vya meza, vikombe, nyaya za taa na mishumaa, akaukataa msimbo ule kwa mzigo mzima.

Niliitwa kuutetea upande wa mwenye mzigo baada ya wakala wake wa forodha kujibu mara mbili na kukataliwa mara mbili. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asijulikane, lakini hoja za pande zote mbili ni zile zile. Naieleza kesi hii kwa urefu kwa sababu wote wawili, wakala na ofisa, walikosea, na kila mmoja alikosea kwa namna yake.

Wakala alifungua kitabu cha ushuru akasoma kichwa 9505 (kichwa ni kundi la bidhaa lenye namba ya tarakimu nne), ambacho kinahusu bidhaa za sherehe, kanivali na burudani nyingine, akaona kijigawanyo chake cha kwanza kinataja bidhaa za sherehe za Krismasi, akafunga kitabu. Hakurudi nyuma kurasa chache hadi mwanzo wa Sura ya 95, ambako maelezo ya sura yanaorodhesha vitu visivyoingia humo hata kama vimepambwa kwa kulungu na theluji. Kanuni ya kwanza ya ufasiri wa Mfumo Linganifu, orodha ya kimataifa ambayo misimbo hii imetokana nayo, inasema wazi kwamba majina ya sehemu na sura ni ya kurahisisha utafutaji tu, na kwamba uainishaji hufuata maneno ya vichwa pamoja na maelezo ya sehemu na sura. Kwa hiyo maelezo yale yana nguvu sawa na kichwa chenyewe. Ofisa naye aliyasoma, akayapenda kupita kiasi. Alipoona kwamba baadhi ya bidhaa zimetolewa kwenye sura, alizitoa zote: miti ikaenda kwenye plastiki, mipira ya plastiki ikafuata huko huko, na mipira ya kioo ikapelekwa Sura ya 70.

Nianze na mipira ya kioo, kwa kuwa hapo ndipo tuliposhinda kwa urahisi zaidi. Katoni zilikuwa na mipira midogo ya kioo chembamba, myekundu na ya dhahabu, kila mmoja ukiwa na kofia ya bati na kitanzi cha uzi wa kuning'inizia. Ukiubonyeza kwa kidole gumba unavunjika kama ganda la yai. Hoja ya ofisa ilikuwa kwamba ni kioo, na kioo kina sura yake. Jibu halikuhitaji ufundi wowote, kwa sababu maelezo ya Sura ya 70 yenyewe, katika orodha ya vitu visivyomo, yanataja mapambo ya mti wa Krismasi kwa jina na kuyaelekeza Sura ya 95. Maelezo ya Sura ya 39 nayo hutoa bidhaa za Sura ya 95 kwenye plastiki, na kwa njia hiyo mipira ya plastiki na nyuzi za kumetameta zilirudi pamoja na ya kioo. Nimeona mara nyingi mawakala wakibishana kwa kurasa tatu juu ya "asili ya bidhaa" wakati jibu lipo katika mstari mmoja wa sura ya upande wa pili. Sura inayotaka kukunyang'anya bidhaa nayo ina maelezo yake, na ni vyema kuyasoma kabla hujaanza kujitetea.

Miti ilileta ubishi mwingine. Ilikuja vipande vipande ndani ya maboksi marefu, shina likiwa na sehemu tatu, matawi yamekunjwa, na miguu ya chuma imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hilo halikuwa tatizo, kwani kanuni 2(a) hukihesabu kitu ambacho hakijaunganishwa kuwa kitu kamili. Tatizo lilikuwa miti thelathini iliyofumwa taa ndogo za LED ndani ya matawi. Ofisa alisema maelezo ya Sura ya 95 yanatoa taji za taa za umeme za kila aina na kuzipeleka 9405, kwa hiyo mti wenye taa uende huko. Tulisimamisha mmoja pale ghalani, tukauacha bila kuuchomeka kwenye umeme. Ulibaki mti wa Krismasi, na mtu yeyote aliyepita angeuita hivyo. Maelezo yanazungumzia taji ya taa inayosimama yenyewe. Pale ambapo taa zimekuwa sehemu ya bidhaa ya mchanganyiko, kanuni 3(b) inatutaka tutafute kile kinachoipa bidhaa tabia yake ya msingi, na katika kitu chenye urefu wa futi sita, kijani kibichi, kilichotengenezwa kionekane kama msonobari, si taa. Hoja hii ilikubaliwa. Kulikuwa pia na katoni moja ya miguu ya chuma ya ziada, ambayo mama huagiza kwa sababu wateja humrudia Januari wakilalamika kwamba miguu imevunjika. Hiyo hatukuitetea: ikija peke yake huainishwa kwa chuma chake.

Nyaya za taa zilikuwa wazi pia, ila kwa upande wa ofisa. Zilipaswa kutangazwa chini ya 9405 tangu mwanzo. Wakala, alipobanwa, alikubali na akaandika 9405.30.00, msimbo ambao haupo tena. Toleo la 2022 la Mfumo Linganifu liliugawa ule wa zamani, na kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kilichoanza kutumika tarehe 1 Julai 2022 kina 9405.31 kwa nyaya za taa za LED za aina itumikayo kwenye miti ya Krismasi, na 9405.39 kwa nyinginezo. Alikuwa akitumia nakala ya zamani iliyochapishwa, yenye kava lililochanika na alama za kalamu pembezoni, ambayo bila shaka ilikuwa imemtumikia vizuri kwa miaka. Lakini kosa la msimbo wa taa lilikuwa na mkia mrefu kuliko ushuru. Vifaa vya umeme vinatakiwa kuwa na cheti cha ulinganifu kinachotolewa kabla ya shehena kuondoka, chini ya utaratibu wa Shirika la Viwango la Kenya (KEBS). Kwa kuwa taa zilikuwa zimefichwa ndani ya neno "mapambo", hakuna aliyekumbuka kukiomba Yiwu, na hivyo zikabidi zipitie ukaguzi wa hapa nchini kwa gharama na siku za ziada. Msimbo ukibadilika, ofisi unazopaswa kupita hubadilika nao.

Sasa nije kwenye vitambaa vya meza na vikombe, ambavyo kwa pamoja vilikuwa na thamani ya KSh 600,000, yaani robo ya shehena. Hapa mwenye mzigo mwenyewe alitoa hoja, na ilikuwa nzuri kuliko zote alizotoa wakala. Alichukua kitambaa kimoja chekundu kilichochapwa Baba Krismasi katikati na matawi ya mholi, mmea wa mapambo ya Krismasi, pembeni, akakitandaza mapajani, akaniuliza, "Mwanangu, nani atatandika Baba Krismasi mezani mwezi wa Juni?"

Nilimwambia, "Mama, hoja yako iliwahi kushinda mahakamani, lakini si hapa, na si kwa sheria ya leo." Katika kesi ya Midwest of Cannon Falls dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa 1997, mahakama ya rufaa ya Marekani inayosikiliza mashauri ya forodha ilikataa wazo kwamba kitu chenye matumizi ya kawaida hakiwezi kuwa bidhaa ya sherehe, mradi kinahusishwa kwa karibu na sikukuu fulani na kinatumika hasa wakati wake. Waagizaji wa huko walifurahi sana. Kisha Mfumo Linganifu ulirekebishwa, na toleo la 2007 likaingiza katika maelezo ya Sura ya 95 kifungu kinachotoa vyombo vya meza na vya jikoni, vifaa vya bafuni, mazulia, mavazi, mashuka, vitambaa vya meza na vitu vya namna hiyo vyenye kazi ya matumizi, na kuviainisha kwa malighafi yake. Tangu hapo swali haliko tena kwenye mwezi ambao kitambaa kitatandikwa. Kinachoulizwa ni kwamba kikitandikwa kinafanya nini, nacho kinafunika meza na kuzuia mchuzi. Kwa hiyo ni 6302. Vikombe vya kauri navyo, viwe na kulungu au visiwe naye, vinanywewa chai, na huenda Sura ya 69. Kigezo ninachokitumia mwenyewe, ambacho si cha sheria lakini hakijaniangusha, ni kuiondoa sikukuu kichwani na kuangalia kama kitu kinabaki na kazi. Mpira wa kioo bila Krismasi hauna kazi yoyote, lakini kikombe bila Krismasi bado ni kikombe.

Kifedha hili ndilo lililouma. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una madaraja manne: 0, 10, 25 na 35 kwa mia. Daraja la 35 liliundwa 2022 ili kulinda bidhaa zinazotengenezwa kwa wingi katika ukanda huu, na nguo na kauri ni miongoni mwa makundi yaliyotajwa. Kiwango cha kila mstari ni lazima kisomwe kitabuni na katika matangazo ya gazeti la Jumuiya, kwa kuwa nchi wanachama huomba mabadiliko kila mwaka wa fedha, lakini hesabu ya pengo la pointi kumi, kati ya 25 na 35, ni rahisi. Kwa thamani ya KSh 600,000, pointi kumi ni KSh 60,000 za ushuru. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo inaongeza KSh 9,600, na jumla inakuwa KSh 69,600. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2, hukokotolewa kwa thamani ya forodha, hivyo hazisogei hata msimbo ukibadilika. Nalitaja hili kwa sababu wateja wengi hudhani kwamba msimbo mpya huzidisha kila kitu, na huingia kwenye ubishi wakiwa na hofu kubwa kuliko deni.

Mishumaa sitaizungumzia sana. Mmoja ulikuwa na umbo la Baba Krismasi, mwingine la kengele, na yote ilikwenda 3406, kwani mshumaa ndio kitu cha kwanza kabisa kutolewa katika maelezo ya Sura ya 95. Soksi kubwa za kuning'iniza zilibaki 9505, kwa kuwa ufafanuzi wa Shirika la Forodha Duniani unazitaja pamoja na miti, malaika na mapango ya Noeli, yaani seti za sanamu za kuzaliwa kwa Yesu.

Mapango yenyewe yalitupa somo. Kulikuwa na seti ndogo za sanamu zenye urefu wa kiganja, na seti moja kubwa, sanamu za sentimita 90 za plastiki ngumu, ambayo parokia moja ya Eastlands ilikuwa imemwagiza mama. Wakala alitaka zote ziwe 9505. Ufafanuzi ule ule unaozikubali sanamu za pango unazitoa sanamu za aina inayotumika kupamba nyumba za ibada. Ufafanuzi huo si sheria ndani ya kitabu cha ushuru, lakini huwezi kuushika mkono wa kulia kwa ajili ya soksi na miti, kisha ukautupa kwa mkono wa kushoto sanamu zinapofika. Tulizikubali sanamu kubwa kuwa mapambo ya plastiki ya 3926.40. Fedha zilikuwa ndogo, na kukubali pale tulipokosea kuliifanya barua yetu isomwe kwa utulivu zaidi kwenye mambo makubwa.

Zilibaki kofia. Ni zile nyekundu zenye ukingo mweupe na kishada, ambazo wahudumu wa maduka makubwa na makondakta wa matatu huvaa wiki mbili za mwisho wa mwaka. Ofisa alizipeleka 6505, kofia za nguo. Mimi bado naamini alikosea. Maelezo ya Sura ya 95 yanatoa mavazi ya maigizo ya nguo ya Sura ya 61 na 62, wala hayataji ya 65. Na maelezo ya Sura ya 65 yanatoa bidhaa za kanivali za Sura ya 95. Kofia zile ni za kitambaa cha manyoya bandia chembamba kama karatasi ya kichujio, hazina bitana, mshono umegundishwa kwa gundi, na saizi ni moja kwa watu wote. Hazikingi jua wala baridi. Ofisa alijibu kwamba maelezo ya 2007 yanataja mavazi bila kutofautisha, na kwamba kofia huvaliwa. Naiheshimu hoja hiyo, ingawa ikifuatwa hadi mwisho, masikio na pua za bandia nazo zingekuwa mavazi.

Utaratibu ulikuwa na uzito sawa na hoja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu 229, inampa asiyeridhika na uamuzi siku 30 kuomba mapitio kwa Kamishna, na Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, zikipita bila jibu ombi linahesabika kuwa limekubaliwa. Hilo linasomeka vizuri kwa mtu anayeagiza simenti. Kwa mapambo ya Krismasi, uamuzi wa ofisa ulitoka tarehe 18 Novemba, ombi letu likaingia tarehe 20, na jibu lingeweza kuja kihalali tarehe 20 Desemba, wakati soko la jumla la Kamukunji limeshakwisha na wenye maduka ya mitaani wameshanunua kwingine. Kwa hiyo tulichokitafuta kwanza kilikuwa kifungu 229(6), kinachomruhusu Kamishna, kwa ombi la mhusika, kuuachia mzigo mapitio yakiendelea, kwa kulipa ushuru uliokadiriwa au kuweka dhamana ya kutosha. Tuliweka dhamana kwa tofauti yote iliyobishaniwa, na kontena likatoka tarehe 26 Novemba. Taa zilifuata siku chache baadaye.

Kabla ya kuandika ombi nilimuuliza mama kuhusu mizigo yake ya nyuma, na hapo alinyamaza kidogo. Miaka miwili iliyotangulia alikuwa ameingiza kontena kama lile lile, kwa msimbo ule ule mmoja, na hakuna aliyelifungua. Kifungu 135 kinaruhusu ushuru uliopungua kudaiwa ndani ya miaka mitano tangu kupungua. Mtu akikubali leo kwamba vitambaa vya meza ni 6302, atakuwa amekubali pia kwamba vilikuwa 6302 wakati ule. Wakala alipendekeza tusiviguse vikombe na vitambaa katika ombi ili tusifungue mlango. Nilikataa. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa na ofisa aliyekagua, na ukaguzi wa baada ya mzigo kutoka huanza hasa kwa kuangalia matamko ya zamani ya mwagizaji aliyebadilishiwa msimbo. Tulihesabu wenyewe upungufu wa mizigo miwili ile, tukaandika barua ya pekee, mama akalipa kwa awamu.

Uamuzi wa mapitio ulitoka tarehe 17 Desemba. Miti, mipira, nyuzi za kumetameta, soksi na mapango madogo vilirudi 9505. Taa, vitambaa, vikombe, mishumaa na sanamu za parokia vilibaki tulikokwisha kubali. Kofia zilibaki 6505. Tungeweza kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Ushuru ndani ya siku 45, lakini kofia zote zilikuwa na thamani ya KSh 80,000, na hata ada yangu isingetoka humo.

Machi iliyofuata mama aliagiza tena. Safari hii ankara ya muuzaji haikuwa na mstari mmoja. Ilikuwa na mistari kumi na minne, kila mmoja ukiwa na malighafi, idadi na bei yake, vitambaa na vikombe vikiwa katika katoni zao, na taa zikiwa na cheti. Kwa kofia tulitumia kifungu 248A, kinachomruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa msimbo kabla bidhaa haijafika. Tuliambatisha kofia mbili kama sampuli: moja ile ya gundi, na nyingine ya sufu yenye bitana, ambayo mama hajawahi kuiagiza lakini niliinunua mwenyewe Biashara Street, ili anayeamua azishike zote mbili kwa mikono yake.